Betri haifi mtoni

Siku niliyoipeleka betri ya mota ya boti yangu mnadani ikapimwe kama samaki, ilikuwa imeshakufa. Nilimsubiri kijana wa mizani amalize ndoo za dagaa na mafungu ya changu, nikamwomba dakika moja. Tukaifunga kamba, tukaitundika kwenye ndoano, mshale ukayumba ukatulia kwenye kilo 19. Ubavuni imeandikwa volti 12, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kubeba), na kibandiko kinasema ni betri ya sola. Betri ya risasi ya Ah 100 iliyoundwa kweli kwa kutoa umeme saa nyingi huwa na kilo 27 hadi 30 hivi. Umeme wake unakaa kwenye risasi, na risasi nyepesi haipo. Zile kilo nane nilizilipia, ila ndani ya boksi hazikuwamo.

Siku hizi nikienda kununua betri nabeba vitu viwili: mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, na mita ya kupimia volti. Muuzaji mwenye mali nzuri hanikatazi. Nikipima betri mpya ya risasi nikaona iko chini ya volti 12.4, siichukui hata ikipunguzwa bei, maana hiyo imekaa rafuni miezi bila kuchajiwa na ugonjwa wake umeshaanza. Ugonjwa wenyewe nitaueleza, kwa sababu ndio uliomaliza yangu, na hapo muuzaji hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Niko Pangani. Kazi yangu ni kupeleka wageni mtoni: mikoko, minazi, mdiria anayechupa majini, yangeyange wanaorudi kulala jioni, na ukibahatika furukombe. Nina boti ya faiba ya mita 5 na injini ya petroli ya nguvu za farasi kumi na tano. Injini hiyo ni nzuri kwa kila kitu isipokuwa kazi yenyewe ninayoifanya, kwa kuwa ukiiwasha ndege wote wanahama mkono mzima wa mto. Ndipo nikanunua mota ya umeme, ile ndogo yenye fimbo ndefu na panga chini, inayofungwa kwenye tezi kwa skrubu mbili za mkono.

Mota hizi zilizaliwa mbali na bahari. Ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya wavuvi ilibuniwa mwaka 1934 huko Fargo, Dakota Kaskazini, na O. G. Schmidt, na kampuni iliyotokana nayo, Minn Kota, ikachukua jina lake kutoka majimbo mawili ya Marekani yanayopakana, Minnesota na Dakota Kaskazini. Huko ni nchi ya maziwa. Mvuvi anarambaza polepole kwenye maji yaliyotulia, mshipi unaburutwa nyuma, mota inanong'ona. Naleta habari hii kwa sababu kanuni zote utakazosoma kuhusu betri za mota hizi zimeandikwa na watu wanaofikiria ziwa. Mto wetu unajaa na kupwa.

Kanuni ya ziwani ni hii: nguvu ya msukumo wa mota iwe walau asilimia 2 ya uzito wa chombo na vyote vilivyomo. Boti yangu na watu wanne na vikorokoro ni kama kilo 600, kwa hiyo kilo 12 za msukumo zingetosha. Mota zenyewe zinauzwa kwa ratili za Kiingereza. Hizo kilo 12 ni ratili 27 hivi, nami nikachukua ya ratili 55, yaani kilo 25. Hapo sikukosea. Nilikosea kudhani kwamba nikishapata mota yenye nguvu, betri ni betri tu.

Mota ya ratili 55 inayotumia volti 12, ukiifungulia mpaka mwisho, inakula kama ampea 50. Sasa rudi kwenye yale maandishi ya Ah 100. Maana yake ya kiwandani ni kwamba betri inaweza kutoa ampea 5 kwa saa 20. Haimaanishi itatoa ampea 50 kwa saa 2. Betri ya risasi ukiivuta kwa nguvu inapungukiwa na uwezo wenyewe. Kwa ampea 50 utapata saa moja na dakika chache, na hapo umeifikisha mwisho kabisa. Ukitaka iishi miaka, usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo ile Ah 100 niliyoinunua kwa furaha, kwa mwendo wa kasi, ilikuwa na nusu saa ya halali. Hiyo ni kama ingekuwa na risasi yake yote.

Haya niliyajua baada ya siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida.

Wanaoishi pwani hii wanajua saa za bamvua bila kuangalia jedwali: maji yanajaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakauka mnamo saa nne. Tuliondoka saa tano na wageni watatu, maji yanaingia, tukapandishwa mtoni karibu bila kutumia mota. Injini ya petroli siku hiyo ilikuwa kwa fundi. Mpango ulikuwa turudi baada ya saa kumi maji yakigeuka, tushuke nayo. Saa tisa mgeni mmoja akakumbuka gari lake la kwenda Tanga. Nikakubali kurudi mapema, dhidi ya maji yanayojaa, na nikafungua mota mpaka mwisho. Baada ya kama dakika 40 sauti ikaanza kushuka. Panga likawa linazunguka kama feni ya sebuleni umeme ukiwa mdogo. Tukashika makafi. Maji yakasimama, kisha yakageuka, na ndipo hofu ilipoingia, kwa sababu sasa yalikuwa yanatupeleka kule tunakotaka, lakini hatukuwa na cha kutusimamisha tukifika. Tulipita mbele ya mji tukiwaona watu wamekaa ukutani. Mbele yetu ni mlango wa mto na mawimbi yanayovunjika kwenye mchanga. Nanga ya kwanza iliburuta. Ya pili ikashika. Vijana wa mashua wakaja na kamba.

Hakuna aliyeumia. Mgeni alikosa gari. Mimi sikulala.

Kesho yake nikaipeleka betri kwa fundi, mzee mmoja ambaye amekuwa akihudumia betri za malori tangu mimi mtoto. Nikamwamkia, nikamweleza mto ulivyotufanya. Hakunijibu. Alifungua vifuniko sita, akachukua kile kipima asidi cha kioo chenye mpira juu, akafyonza seli ya kwanza, akakiinua kwenye mwanga mpaka mstari ukawa sawa na jicho lake. Akarudisha asidi, akaenda ya pili. Tano zilisoma kama 1.20, yaani uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji, dhaifu lakini zinafanana. Ya nne ilisoma 1.10. Akaniita niinamie tundu lake. Juu ya mabamba ya risasi kulikuwa na ukoko mweupe, kama ule unaobaki kwenye sufuria ya maji ya kisima, na maji yenyewe yalikuwa yameshuka, ncha za mabamba ziko nje.

"Mwanangu," akasema, "hii haikufia mtoni. Hii imefia kwako."

Ule weupe ni salfeti ya risasi. Kila betri ya risasi inapotoa umeme, salfeti hiyo inatengenezwa juu ya mabamba. Ndivyo inavyofanya kazi, na ndivyo ilivyofanya kazi tangu Mfaransa Gaston Planté aitengeneze mwaka 1859. Ukiichaji mapema salfeti inayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha bila chaji, siku ya pili, ya tatu, ya tano, inajikusanya kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haizivunji tena. Sehemu ya bamba iliyofunikwa hivyo imekufa. Nami nilikuwa narudi magharibi nimechoka, nachomoa nyaya, naiacha betri ndani ya boti mpaka siku ya kuamkia safari nyingine. Wakati mwingine wiki nzima. Kila juma nilikuwa naifunika kidogo.

Watu wanaoniuliza kuhusu betri huanza na aina: ninunue ipi? Mimi nawauliza wakirudi nyumbani saa kumi na mbili wanafanya nini. Mtu asiye na mahali pa kuchajia usiku uleule, nisingemshauri kabisa betri ya maji, yaani ya risasi yenye asidi inayoongezwa maji, hata iwe nzuri kiasi gani.

Lakini aina zina umuhimu wake, na hapa kuna mchanganyiko mwingi madukani. Betri ya gari ina mabamba mengi membamba. Kazi yake ni kama kusukuma dau kutoka mchangani: mkupuo mmoja wa nguvu, halafu basi, alteneta inachukua kazi. Betri ya mota ya umeme ni ya mtu anayepiga kafi kutwa nzima, na inahitaji mabamba manene. Ukiitumia ya gari kwa kazi hii, ikishushwa mpaka chini mara chache tu mabamba yake yanamomonyoka. Na kibandiko cha sola hakithibitishi chochote, kama nilivyojifunza mnadani. Uzito unasema zaidi.

Kuna zile zilizofungwa, zisizoongezwa maji, ambazo asidi yake imenyonywa kwenye matandiko ya nyuzi za kioo. Wauzaji wanaziita AGM. Hazimwagiki boti ikiyumba, na hilo si jambo dogo. Maji ya bahari yakiingia kwenye betri ya asidi iliyo wazi hutoa gesi ya klorini, na ndiyo maana wanamaji wa nyambizi za zamani waliliogopa jambo hilo kuliko mengi mengine. Kwa anayebaki na risasi kwenye maji ya chumvi, hii ndiyo ningemwambia achukue. Za jeli sizipendi kwa sisi huku: zinataka chaja yenye volti ya chini kidogo, na chaja ya kawaida inaziunguza taratibu bila mwenyewe kujua.

Halafu kuna lithiamu. Nilihesabu safari yangu upya, safari ya kweli ya mtoni, kwa daftari. Saa mbili za mwendo wa kati, ambapo mota yangu inakula ampea 15 hivi: hiyo ni Ah 30. Dakika 20 za nguvu zote, kuvuka mkondo na kutia boti ufukweni: Ah 17. Jumla 47. Kwa risasi, ukizingatia sheria ya nusu na ule upungufu wa kuvutwa kwa nguvu, nilihitaji betri mbili za Ah 100 zilizofungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), kilo 56, sawa na kumbeba abiria wa tano asiyelipa nauli. Kwa lithiamu nilihitaji moja ya Ah 100, yenye kilo 12, na ningerudi na nusu ya akiba. Lithiamu ninayoisema ni ile ya chuma na fosfeti, ambayo John Goodenough na wenzake waliigundua Texas katika miaka ya 1990, imara zaidi kwenye joto kuliko ile ya kwenye simu. Unaweza kuitumia mpaka asilimia 80 au zaidi bila kuiumiza, na inadumu kwa maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kutumia, pale ambapo risasi inahesabiwa kwa mamia. Bei yake iliniuma. Niliweka akiba msimu mzima.

Kilichonifanya niikubali hasa si idadi ya mizunguko. Ni kwamba haiugui ukiiacha nusu. Salfeti haimo. Ukirudi umechoka ukaiacha siku tatu ina chaji ya nusu, haijali. Na kama utaiweka muda mrefu, hiyo nusu ndiyo inayoipenda, si kujaa. Yaani ilisamehe kosa lilelile lililoniulia ya kwanza.

Ina mtego wake, nao lazima niutaje kwa sababu mtoni unaweza kukugharimu. Betri ya risasi inakupa dalili: volti zinashuka polepole, mota inalegea, unajua. Lithiamu inasimama kwenye volti 13 na pointi kwa karibu safari nzima, mota inazunguka vilevile, halafu saketi ya ulinzi iliyomo ndani inakata. Kimya. Kwa hiyo kipimo cha volti hakikwambii kitu. Niliweka kihesabu chaji, kile chenye kipande cha shaba kinachofungwa kwenye waya wa hasi, kinachohesabu kila ampea inayotoka na kuingia. Nikiona imebaki asilimia 60 nageuza boti, hata kama mgeni amemwona mdiria.

Na mwendo wenyewe ni betri. Kupunguza kasi kidogo kunaokoa umeme mwingi kuliko unavyotarajia, kwa sababu nguvu inayohitajika inapanda karibu kwa kipeo cha tatu cha kasi: ukitaka kwenda kasi mara mbili, andaa nguvu mara nane. Kwenye mota yangu namba ya kati inanipa zaidi ya nusu ya mwendo kwa chini ya theluthi ya umeme. Siku ya bamvua, kama ningetia nanga kwenye mikoko nikasubiri saa moja maji yageuke, tungeshuka na betri nusu. Mgeni angekosa gari vilevile.

Nyaya sitazungumza sana. Tumia kebo nene, milimita 16 za mraba kwa mota kama yangu, iwe ya shaba iliyopakwa bati ikiwezekana, na sakiti breka ya ampea 60 karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri. Baada ya dakika kumi za nguvu zote, gusa maungio kwa kidole. Lililo moto limelegea au limeota kutu ya kijani, na umeme unaoishia hapo kwenye joto hauendi kwenye panga. Nasugua kwa msasa, nakaza kwa spana, napaka mafuta ya mgando. Ukifunga betri mbili sambamba, ziwe za aina moja na za siku moja, na utoe chanya kwenye moja na hasi kwenye nyingine, zifanye kazi sawa.

Sasa, wenye betri za maji, na najua ndio wengi. Chaji usiku uleule. Chaja ya ampea 10 itarudisha sehemu kubwa ndani ya saa chache, lakini sehemu ya mwisho inakwenda taratibu sana, na hapo ndipo watu wanapochomoa. Iache ichaji mpaka asubuhi. Iweke mahali penye hewa, si chumbani wala chini ya kitanda, kwa sababu ikikaribia kujaa inatoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa inatosha cheche moja. Maji ongeza baada ya kuchaji, si kabla, isipokuwa mabamba yako nje; hapo funika mabamba tu kwanza, chaji, kisha malizia. Ongeza maji ya betri yaliyokenekwa. Maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa, na chumvi hiyo haitoki tena humo. Asidi usiongeze; asidi haikupotea, kilichopotea ni maji. Ikimwagika juu ya betri, magadi ya kupikia kwenye maji kidogo yanaituliza, ila hakikisha hata tone haliingii kwenye matundu.

Ukitaka kujua hali yake, iache ipumzike saa kadhaa ndipo upime: 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.9 umeidhulumu. Kipima asidi ni bora zaidi, maana kinaonyesha seli mojamoja, na betri sita zimo ndani ya boksi moja. Kama mzee asingefyonza ya nne, ningeendelea kulaumu mto.

Joto ndilo adui ambaye sisi wa pwani tunamzoea mpaka hatumwoni. Maisha ya betri ya risasi yanakatwa karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Ndani ya boti iliyoanikwa juani saa saba, chini ya kifuniko cheusi, sitaki hata kufikiria. Yangu inakaa ngamani, katikati, imefungwa kwa mkanda, juu yake nimeweka ubao uliopakwa chokaa, na boti ikipaki betri inapanda nyumbani. Wenzetu wa Minnesota wana shida ya kinyume: lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, wanaiingiza ndani wakati wa baridi. Sisi tunaiingiza ndani wakati wa jua.

Umeme ukikatika nina paneli ya wati 100 juu ya banda. Siku ya jua nzuri inarudisha kama Ah 28, zaidi ya nusu ya safari moja. Umeme ukiwepo, unatoka kwenye gridi, na gridi hiyo inalishwa pia na mitambo ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, huko juu kwenye mto huuhuu. Maji yaliyozungusha mitambo kule yanashuka mpaka kwenye gati letu. Nikichomeka chaja barazani huwa nalifikiria hilo.

Ile betri ya kilo 19 niliiacha kwa mzee, akaiuza kwa wanunuzi wa risasi chakavu pamoja na zake. Asidi haikumwagwa mtaroni, alihakikisha. Yeye mwenyewe nilimpeleka mtoni mwezi uliopita, maji mafu, hakuna mkondo wa kusema. Alikaa mbele, mkono majini, hakusema neno mpaka tulipofika kwenye mikoko mikubwa. Akageuka akauliza kama mota nimeshaiwasha.